Nyuma ya Matenga ya Nyanya

Nilimkuta binti yangu Lea kwenye banda letu kando ya barabara kuu, amechuchumaa nyuma ya matenga ya nyanya na sare yake ya shule. Ilikuwa siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi shuleni kwao hapa Ilula.

"Shangazi kasema nikichomwa sitazaa," akaninong'oneza.

Wifi yangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Ndiyo, nimemficha mimi. Mtoto wa kaka yangu hachomwi. Sindano ile inaua kizazi, kila mtu anajua."

Kila mtu! Mama yangu alikufa kwa saratani hiyo hiyo, chumba kinanuka mpaka majirani wakaacha kuja. Hakupimwa hata siku moja. Mimi mwaka jana nilijikaza, nikaenda. Nesi akanipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akaona doa jeupe, wakalitibu kabla halijawa saratani. Sikumwambia mtu kwa sababu ya aibu. Aibu ya kijinga!

Nilimwambia wifi yote pale pale, kwa sauti, abiria wa basi lililosimama kununua nyanya wanasikia.

"Na wewe kapimwe, wifi. Sasa nipishe."

Hakupisha. Nikapindua tenga zima. Nyanya zikamwagikia miguuni pake, akaruka, nami nikazikanyaga nikipita, mtoto nimemshika mkono.

Shuleni nesi alikuwa anafunga boksi la chanjo. Akaitazama miguu yangu, myekundu mpaka kwenye vifundo.

"Mama, umeumia?"

"Bado," nikasema. "Hizi ni nyanya. Fungua boksi."