Boksi Juu ya Dawati la Maribeth

"Hivi huyu binti yako ameshamlilia baba yake?" jirani aliniuliza baada ya mazishi. Kila jioni mimi na Maribeth tulisali pamoja, na macho yake yalibaki makavu.

Siku ya wazazi shuleni, kila mmoja wetu aliketi kwenye dawati la mwanawe. Mwalimu wa fasihi ya Uingereza alitueleza wanachosoma mwaka huu: visa vya wafalme, tamthilia, mashairi ya maombolezo.

Dawati la Maribeth peke yake lilikuwa na boksi la tishu.

"Mwalimu, ana mafua?"

"Mafua wapi, mama! Tukisoma maombolezo analia, kisha ananisimulia habari za baba yake mpaka kengele ilie. Na nyumbani si ndiyo hivyo hivyo?"

Tishu moja ilikuwa imechomoza nusu. Niliirudisha ndani kwa kidole, nikachukua koti langu, nikatoka.