Unga Juu ya Maji

Siwema alinyunyiza tena unga wa salfa juu ya mkojo wa mumewe. Unga ulikaa kidogo, kisha ukaanza kuzama, chembe baada ya chembe, mpaka ukatulia chini ya glasi.

"Ni sabuni," alijiambia. Glasi ikibaki na sabuni, unga huzama hata kama mtu haumwi. Kila mpimaji wa maabara analijua hilo. Mkojo wa mwenye afya huubeba unga ule juu, kana kwamba una utando. Nyongo ikiingia humo, utando hulegea.

Akaisuuza glasi mpaka vidole vikafa ganzi, akapima upya. Ukazama. Akatoa glasi mpya kwenye boksi. Ukazama.

"Mama Chiku!" Hatibu aliita kutoka kwenye benchi la nje, macho yake ya manjano yakiutazama mlango. "Mbona kimya?"

"Bado kidogo, Baba Chiku."

Kwa hasira akaisuuza ile glasi ya kwanza, akaijaza maji matupu ya bomba, akanyunyizia. Unga wote ukaelea. Basi sabuni haikuwemo. Haikuwemo tangu mwanzo.

Akayamwaga. Akajaza mengine, akayadondoshea chai yake iliyopoa mpaka yakapata rangi, akanyunyizia unga taratibu.

"Umeelea?" Hatibu aliuliza.

"Umeelea. Nakuletea uone mwenyewe."

Aliibeba glasi kwa mikono miwili, maana ikitikisika tu, unga ule nao ungezama. Mlango haukuwa mbali. Mikono ilikuwa inatetemeka.