Gameli ya Pili

Adolphine aliwatwanga samaki wadogo wakavu mpaka wakawa unga, akauchanganya unga huo kwenye sombe, yale majani ya muhogo ya mumewe, akafunika gameli zote mbili za kubebea chakula. Kisha akamkabidhi mlangoni kama kila asubuhi, akitabasamu.

"Kazi njema, Tata Shekina."

"Asante, mama," mumewe Gracien alijibu, akapanda pikipiki kwenda ofisini.

Ilikuwa wiki ya sita tangu aanze chakula kile. Kwanza aliacha nyama. Wiki iliyofuata akaacha samaki, halafu mayai, halafu hata maziwa ya chai. Alikuwa na karatasi aliyoikunja mfukoni mwa shati, na Adolphine aliisoma siku ya kufua. Badala ya nyama, maharagi. Badala ya samaki, uyoga. Badala ya maziwa, karanga zilizosagwa na kuchujwa. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, umepangwa vizuri. Mwandiko wa mwanamke.

"Munganga wa hospitali njo alikukataza?" alimuuliza siku ile.

"Apana. Mi mwenyewe njo nimetaka."

Mwanaume aliyekuwa akivunja mifupa ya mbuzi kwa meno, leo ametaka majani mwenyewe!

Adolphine alipika, kwa sababu hakutaka mwingine ampikie. Alitwanga sombe kwa karanga. Alitengeneza kikanda, ile mizizi ya porini inayosagwa, ikachanganywa na karanga na kukatwa vipande kama nyama. Kila siku Gracien alisema, "Ongeza kidogo," naye akaongeza, mpaka ikahitajika gameli ya pili.

"Majani hayakaake mu tumbo," Gracien alieleza.

Lakini tumbo lenyewe lilikuwa linapungua. Mashati yalimlegea, uso ukarudia ujana. Adolphine alimtazama akijinyoa mbele ya kioo. Mwanaume hajipunguzi namna ile kwa ajili ya mke aliyekwisha kumzoea. Ndipo akawatwanga wale samaki, amjaribu.

Jioni ile ya samaki, Gracien alirudi na gameli moja tupu na moja imejaa.

"Uliweka samaki," alisema.

"Si umemaliza yako?"

"Yangu nilimaliza. Mi sikusikia kitu."

"Basi nani alisikia?"

Gracien aliisukuma gameli iliyojaa mezani. "Mwenzangu wa kazi," alisema, kisha akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Adolphine aligeukia jiko, akalia bila sauti. Sasa alijua. Jasho lake la kinuni lilikuwa linamnenepesha mtu mwingine.

Kesho yake jirani yao Naomie, aliyeuza nyanya katika soko la Manika, alikuja na kikapu kitupu na maneno tele.

"Mama Shekina, mi sipendake kuingia mu mambo ya batu."

"Umeshaingia. Sema tu."

"Bwana yako, kila saa sita anashuka nyuma ya soko, anaingia mu lupango, ile nyumba ya mulango ya kijani. Iko mwanamuke mule. Ule mama hatokake inje ata siku moja. Bitu yote banamuletea, sawa malkia!"

"Ulimuona sura?"

"Ningemuonea wapi? Anajificha. Mi ningekuwa weye, ningekimbia kwa mama yangu, nimuelezee."

Kukimbilia kwa mama? Na mama yake, kule Mutshatsha, hawakusemezana tangu kilio cha baba. Walilaumiana kaburi likiwa bado bichi, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba yeye ndiye aliyechelewa kumpeleka mgonjwa hospitali. Mama aliapa mbele ya watu wote kwamba hatakula tena kilichopikwa na mikono ya binti yule. Hapana, kwa mama hakukuwa na njia. Vita hii angeipigana peke yake.

Siku iliyofuata alivaa kitenge ambacho Gracien alikipenda kuliko vyote, akakaza kilemba, akaenda Manika.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi kidogo. Uani, Gracien aliketi kwenye kigoda, gameli magotini, uso ameuelekeza ukutani. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na chumba chenye pazia, na mbele ya pazia, chini sakafuni, ile gameli ya pili. Mkono mwembamba wa mwanamke ulitokeza, ukaivuta ndani. Gracien hakugeuka. Aliendelea kutafuna polepole, kwa adabu ambayo Adolphine hakuwahi kuiona mezani kwake.

Adabu ile ilimchoma kuliko kama angewakuta wamekumbatiana. Yeye, mke wa ndoa ya kanisa, alitupiwa sahani na kelele za mpira wa redio. Huyu wa pazia aliheshimiwa kama mtakatifu! Wiki sita ametwanga majani kwa ajili ya mkono ule. Leo angelirarua pazia lile, aione sura, na dunia yote ya Manika ije kushuhudia.

Alivua viatu, akavuka uani bila kishindo. Hatua tatu zilibaki. Alikwisha kuinua mkono.

Ndipo mwanamke wa ndani aliposema, chakula kikiwa bado kinywani:

"Bukwe wangu mwenye hanitazamake mu sura kwa heshima, ule mama wa ku soko mwenye anatupikia, Mungu amubariki. Tangu niletwe huku, na ule munganga mwanamuke aniandikie karatasi ya kukataza nyama na samaki, ni chakula yake tu njo nakula nashiba. Lakini usimuambie mutoto wangu Adolphine kama nasifu mupishi mungine. Ule, tangu butoto, iko na wivu."