Koti la Ngozi la Orville

Asubuhi hiyo Orville Tesmer aliificha picha yake mwenyewe ndani ya debe la unga.

Lucille, mkewe kwa miaka arobaini na mitatu, alitazama ukutani, akaona pengo, akaenda moja kwa moja jikoni. Akarudi akiipangusa picha kwa aproni.

"Mzee, mgeni ametoka Omaha kwa ajili ya hii. Leo unamwonea haya?"

Mgeni, Bwana Kessel, alikuwa mkusanyaji wa makoti ya marubani wa Vita Kuu ya Pili. Watu hakuwa na haja nao sana. Yeye alitaka makoti. Na pichani koti lilikuwepo: la ngozi, zipu mbele, na ndani yake Orville wa miaka ishirini na mmoja, amesimama mbele ya ndege ya mabomu kambini Uingereza, kidevu juu, kana kwamba vita vyote anavipigana peke yake.

Picha hiyo ndiyo iliyompatia mke. Hivyo ndivyo alivyoamini. Wasichana wa kanisa la kina Lucille walikuwa wakiwaandikia askari wa kambi ile, na Orville alipoituma tu, majibu yakaanza kuja marefu. Tangu hapo Lucille hakumuuliza habari za vita, naye hakuthubutu kusimulia. Hofu yake ilikuwa moja: kwamba siku mkewe akijua, atajuta kuolewa naye.

"Mikono ya koti imempita kidogo," Kessel alisema, lenzi jichoni.

"Alikuwa bado anakua," Lucille akajibu.

"Na hapa kifuani pana kibandiko cha jina." Kessel akainama zaidi. "Pruett. D. Pruett. Kumbe! Mzee, si uliniambia wewe ni Tesmer?"

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Orville ilikuwa imejikongoja miaka yote hiyo, na sasa ikaishia sebuleni mwake, mbele ya mgeni na sahani ya keki.

"Sikuwa rubani," alisema. "Nilikuwa mpishi. Ndege yenyewe sijapanda hata siku moja. Koti niliazima kwa pakiti mbili za sigara." Akamgeukia mkewe, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, mama. Wewe uliolewa na koti."

Lucille aliinuka, akaingia chumbani. Orville akasikia droo ikivutwa, kisha nyingine. Aliwaza masanduku, akawaza kituo cha basi, akawaza atamwambia nini binti yao. Kessel, kwa kukosa la kufanya, akajimegea keki.

Lucille alirudi na picha tatu, akazipanga mezani moja moja. Vijana watatu. Ndege ileile, koti lilelile.

"Huyu kinyozi wenu," alisema. "Huyu karani wa stoo. Waongo watupu, kama wewe tu." Kisha akagusa ya mwisho, ya kijana mmoja mtanashati ambaye koti lilimkaa sawasawa. "Na huyu ndiye Pruett mwenyewe. Alinichumbia mara mbili, maskini, lakini hata yai hajui kuchemsha."