Titi la Mpira

Gari la zahanati lilikuwa limeshashika njia nesi alipokumbuka kwamba titi la mpira, lile la kufundishia wanawake kujipima saratani, limebaki kabatini.

Walipofika kwenye kiwanda cha nguo, washonaji wakamcheka. "Sasa tutajifunzia kwa nani, nesi? Kwa dereva?"

"Kwangu," akasema, akafungua vifungo. "Vidole vitatu, unazungusha taratibu, hivi..."

Vidole vikasimama. Vikasogea, vikarudi palepale. Miaka yote kawahimiza wanawake wajipime, lakini mganga hajigangi.

"Shangazi," akamwambia mshonaji mkongwe kuliko wote, "hebu bonyeza hapa."

Shangazi akabonyeza. Kicheko kikamkauka. "Mwanangu, kuna kitu kigumu, kama mbegu ya limau."

Washonaji wote walipimwa, wakakutwa wazima. Shangazi alirudi kwenye cherehani yake. Nesi alikatwa titi la kushoto.