Basi Namba Saba Lisitoke

Dereva alipokataa kutia saini daftari la ukaguzi, meneja aliichukua kalamu akatia yeye. Breki: "Salama." Matairi: "Salama." Mapumziko ya dereva, aliyekuwa ameingia alfajiri na macho mekundu: "Salama," kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyelala usiku kucha. Kisha akamwambia dereva ashike usukani au avue sare.

Karakana nzima ilimwita Bwana Salama. Yeye, kwa akili zake, alidhani wanamsifu.

Mbele ya meza yake alikaa katibu wa chama cha wafanyakazi wa usafiri, mama wa makamo aliyeendesha malori miaka mingi. Madai yake yalikuwa mawili: gari bovu lisitoke, na dereva alipwe mshahara wa haki badala ya kulipwa kwa safari, ili apate kulala bila kulala njaa.

"Nani kasema basi namba saba ni bovu?" meneja akauliza.

"Fundi wako."

"Kaandika?"

Fundi hakuandika. Fundi alikuwa na watoto wanne.

"Basi mkaguzi akija atasoma hili." Akaligonga daftari. "Mimi nina maandishi, ninyi mna midomo. Debe tupu haliachi kuvuma."

"Wewe ungelipanda, bosi?"

"Hata leo! Tena ningesinzia mpaka mwisho wa safari." Akacheka peke yake. Gari lake la ofisi lilikuwa nje, limetiwa breki mpya.

Katibu alitoa simu, akaandika ujumbe mfupi, akairudisha mkobani.

Punde simu ya meneja ikalia. Alikuwa mama yake mzazi.

"Mwanangu, naenda kumwona dada yako. Nimeshapanda."

"Umepanda nini, mama?"

"Basi lenu hilo, namba saba. Wamenipa kiti cha mbele kabisa. Ila huyu dereva anapiga miayo, maskini."

"Mama, shuka!"

"Nishuke kwa nini? Si husema mabasi yenu yote ni mazima?"

Simu ikakatika. Dirishani, basi lilikuwa linajikokota kuelekea getini, limejaa, na baada ya geti ni mteremko mtupu. Bwana Salama akanyakua simu ya mezani akampigia mlinzi.

"Funga geti! Saba lisitoke!"

"Siwezi, bosi," mlinzi akajibu. "Uliagiza mwenyewe. Basi lenye saini halizuiwi kwa mdomo. Maandishi, sababu na muhuri."

Ni kweli aliagiza, ili madereva wasimsumbue. Alilivuta daftari, akazikata "Salama" zote, akaandika: "Lisitoke. Breki mbovu, fundi aliniambia wiki iliyopita. Dereva hajalala." Saini. Muhuri. Katibu akaupiga picha ukurasa ule, na meneja hata hakumwona. Karani wake akatoka mbio na daftari.

Geti likafungwa. Abiria hamsini wakashuka wakinung'unika. Nao walikuwa mama na baba za watu, lakini Bwana Salama aliwapangua kama magunia, akimtafuta wake. Akapanda ndani. Akainama, mzee mzima na tai yake, akachungulia chini ya viti.

"Mama yangu yuko wapi?" alimfokea dereva.

"Mama yupi, bosi?"

Akavuka uwanja akikimbia, jasho likimtiririka, akiuliza kila aliyekutana naye. Mtu mmoja akamwonyesha kidole chumba cha chama, nyuma ya karakana. Akausukuma mlango.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na katibu, vichwa vyao vimeinamia simu moja.

"Hebu nisomee tena hapo kwenye breki," alikuwa akisema. "Niliwaambia mapema, mwanangu hataandika ukweli mpaka nipande mimi."