Herufi Moja

Mfuniko wa sufuria ya uji uligongagonga gizani, Nyamizi akaepua. Kulipokucha akatoka uani kumalizia kupaka rangi boti ya alumini ya marehemu mumewe, ambayo shemeji yake, Lugiko, angeiingiza ziwani siku hiyo. Msasa ulishafuta maandishi yote ya zamani, hata jina aliloliandika marehemu mwenyewe, wavuvi wakalicheka miaka yote: TUTALUDI.

“Safari hii weka r, shemeji,” Lugiko alisema. “Si wewe uliyesoma?”

“Nimesoma.”

Alichovya brashi katika rangi nyeupe, akaandika polepole, mkono kama wa mtu mwingine. Lugiko alisoma, akavua kofia.

Binti wa Nyamizi wa darasa la kwanza alifuatisha herufi kwa kidole, moja moja.

“Mama, hapa umekosea.”